Kujitolea Kutunza Mahekalu ya Kirumi Kwenye Ukuta wa Hadrian: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukuta wa Hadrian ulianza kujengwa mwaka 122 BK, ukakatiza kaskazini mwa Uingereza kutoka pwani moja hadi nyingine. Nje ya ngome zake askari wa Kirumi walijenga mahekalu, na misingi ya machache bado inaonekana. Kuta hizo ni fupi, nyingi haziufikii hata mkanda wa mtu mzima, na bila watu wa kujitolea wa kuzikagua mara kwa mara madhara mengi yangeonekana wakati yameshakuwa makubwa. Majibu haya ni kwa wasomaji wa Kiswahili walioko Uingereza, au wanaokwenda huko, wanaotaka kushiriki kazi hiyo.

Ni mahekalu gani hasa?

Linalofahamika zaidi ni hekalu la Mithras, mungu aliyeabudiwa na askari wengi wa Kirumi, lililoko Carrawburgh, Northumberland, nje ya ngome iliyoitwa Brocolitia. Newcastle kuna hekalu dogo la mungu wa kienyeji Antenociticus, mtaa wa Benwell, lililogunduliwa mwaka 1862. Leo limezungukwa na nyumba za watu pande zote, na ndilo rahisi kulifikia kwa basi la mjini. Kwenye ngome ya Vindolanda kuna hekalu la mungu Jupiter Dolichenus lililofukuliwa mwaka 2009, na jambo la pekee ni kwamba liko ndani ya ngome. Maryport, pwani ya Cumbria, kuna eneo la hekalu na madhabahu nyingi za Jupiter, mungu mkuu wa Warumi. Mengi ya majibu haya yanatumia mfano wa Carrawburgh, kwa sababu karibu kila tatizo la utunzaji linapatikana pale.

Pale Carrawburgh, kipi ni cha Kirumi na kipi ni nakala?

Swali hili ulijue jibu lake kabla hujagusa chochote. Hekalu lilijulikana katika kiangazi kikavu cha mwaka 1949, udongo wa bondeni ulipokauka na kunywea hadi vichwa vya mawe vikachomoza. Wanaakiolojia Ian Richmond na John Gillam walilifukua mwaka 1950. Mawe ya kuta ni ya Kirumi. Madhabahu tatu unazoziona mwisho wa chumba ni nakala. Zile halisi zimo katika jumba la makumbusho la Great North Museum: Hancock, Newcastle. Nguzo zinazofanana na miti nazo ni za zege, zimewekwa mahali miti ya asili ilipokutwa.

Moja ya madhabahu hizo ina sura ya mungu mwenye taji la miale, na miale yenyewe imetobolewa hadi upande wa nyuma. Nyuma yake jiwe limechongwa shimo la kuweka taa, ili ndani ya chumba kisicho na dirisha mwanga utokeze kwenye taji. Ukiwa Newcastle nenda kaitazame. Hutahitaji tena kuelezwa kwa nini tunahangaika na mawe haya.

Je, kuna uhusiano wowote na Afrika?

Upo, wa Afrika Kaskazini. Maandishi ya jiwe la kati ya mwaka 253 na 258 yanataja kikosi cha Wamori (watu wa Afrika Kaskazini) wa Aurelius kilichokaa ngome ya Aballava, ambayo leo ni Burgh by Sands. Kaizari Septimius Severus, aliyefia York mwaka 211, alizaliwa Leptis Magna katika Libya ya leo. Hatuna haja ya kuongeza chumvi hapo. Ushahidi wenyewe unatosha.

Lazima niwe na elimu ya akiolojia?

Hapana. Kinachohitajika ni jicho la makini, mwandiko unaosomeka na uvumilivu wa kurudia jambo lile lile kila baada ya miezi mitatu. Aliyewahi kushika mwiko wa mwashi ana faida, hasa aliyefanya kazi za chokaa kwenye nyumba za mawe za Lamu, Zanzibar au Kilwa. Hata hivyo chokaa ya huku ina tabia tofauti, kama itakavyoelezwa chini.

Visa yangu inaniruhusu?

Mwenye visa ya kawaida ya mgeni anaruhusiwa kujitolea hadi siku 30, mradi iwe kwa taasisi ya hisani iliyosajiliwa. Anayesubiri uamuzi wa ombi la hifadhi anaruhusiwa kujitolea katika taasisi ya hisani au ya umma, lakini asipewe malipo wala kitu badala ya malipo. Kurudishiwa nauli na pesa ya chakula cha mchana ni sawa. Mwanafunzi atofautishe kujitolea na kazi isiyolipwa yenye mkataba na zamu za lazima, kwa sababu hiyo ya pili huhesabiwa ndani ya saa zake za kazi. Kanuni hubadilika, basi soma tovuti ya serikali kabla ya kujiandikisha.

Kwa nini siruhusiwi kurudisha hata jiwe moja lililoanguka?

Kwa sababu maeneo haya yanalindwa na sheria ya mwaka 1979 ya majengo na maeneo ya kale. Sheria hiyo haikatazi kubomoa tu: kukarabati, kuongeza kitu na kumwaga udongo navyo vinahitaji kibali cha maandishi, na Historic England, taasisi ya umma ya kulinda urithi wa kale, ndiyo inayoshughulikia maombi. Kutumia kifaa cha kutafutia chuma bila leseni ni kosa la jinai, hata kama hukuchimba.

Kuna sababu nyingine isiyo ya kisheria. Jiwe lililolala chini ya ukuta linaonyesha ukuta ulikatikia wapi, ulielemea upande gani, na pengine nani aliukanyaga. Ukilirudisha bila kupiga picha, umefuta habari hiyo yote. Mpigie msimamizi, weka alama kwenye ramani, liache lilipo. Likiwa njiani na linaweza kumkwaza mtu, zungushia kamba.

Siku ya kwanza nitafanya nini?

Ukaguzi. Wawili wawili, mmoja anatazama na mwingine anaandika, na hekalu la ukubwa wa Carrawburgh huchukua kama saa mbili. Mnaanza kona ya kaskazini-mashariki na kuzunguka kwa mwelekeo ule ule kila safari. Picha hupigwa kutoka sehemu zilizowekewa alama kwenye mchoro, kwa urefu ule ule wa kamera, bila kuvuta karibu, na kipimo chenye mistari myeusi na myeupe kikionekana kwenye fremu. Picha bila kipimo haina kazi; mwaka ujao hakuna atakayejua kama ufa ulikuwa milimita 3 au 8.

Kwenye fomu andika kile unachokiona, si kile unachokidhani. "Jiwe la tatu kutoka kona, safu ya juu, linacheza likiguswa kwa kidole" ni maelezo mazuri. "Ukuta una hali mbaya" haimsaidii mtu. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kukagua siku za jua tu. Nenda pia baada ya mvua ya siku mbili, uone maji yanasimama wapi, yanapita wapi, na jiwe lipi linabaki limelowa wenzake wakishakauka.

Mimea iliyoota ukutani tunaing'oa?

Inategemea mizizi yake. Nyasi fupi na mimea midogo juu ya ukuta mara nyingi ni kinga: kipande cha nyasi kilichopandwa kwenye udongo juu ya ukuta hupunguza kupanda na kushuka kwa joto la jiwe, na jalidi haipenyi kwa urahisi. Ndiyo maana siku hizi kuta nyingi za magofu hufunikwa kichwa kwa nyasi badala ya kumwagiwa zege.

Miche ya miti ni habari nyingine. Mche wenye unene wa penseli leo, baada ya miaka mitano umetenganisha mawe mawili. Ukatwe karibu kabisa na jiwe kwa mkasi wa bustani; usivutwe, kwa sababu mzizi ukitoka hutoka na chokaa yote iliyokuwa ndani ya kiungo, yaani nafasi kati ya mawe. Mtambaazi wa ivi hukatwa shina karibu na ardhi, kisha huachwa ukauke wenyewe kwa muda mrefu, hata mwaka, kabla ya kuondolewa kidogo kidogo, kwani wakati mwingine mtambaazi huo ndio unaoshikilia mawe.

Kuanzia Machi hadi Agosti kagua viota vya ndege kwanza. Kiota kinachotumika kinalindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981, na kazi husimama hadi makinda yaondoke.

Kwa nini hatutumii saruji? Si ni imara zaidi?

Uimara wake ndio ubaya wake. Mawe mengi ya huku ni jiwe la mchanga, lenye vitundu vya kupitisha maji. Kwenye ukuta wenye chokaa, maji huingia na kutoka kupitia viungo, na kiungo kikichoka unakijaza upya; hiyo ndiyo kazi yake, kuchakaa kwa niaba ya jiwe. Ukiziba kwa saruji, maji hayana njia ila kupitia jiwe lenyewe. Yanapoganda ndani yake, uso wa jiwe hubanduka kama maganda.

Dalili yake utaijua kwa macho: kiungo cha kijivu kimesimama mbele kama fremu ya picha, na jiwe katikati limeliwa ndani. Usijaribu kuitoa saruji hiyo mwenyewe. Fundi huikagua kwanza kwa patasi ndogo, na ikiwa imeshikana na jiwe kuliko jiwe linavyojishika lenyewe, huachwa. Mashine ya kukatia haitumiki kamwe kwenye viungo hivi.

Chokaa huchanganywaje, na nini huharibika?

Kazi hii hufanyika tu pale kibali kipo na fundi mwashi mwenye uzoefu yupo kando yako. Aliyezoea chokaa ya pwani ya Afrika Mashariki, ile ya matumbawe yaliyochomwa tanurini, ajue kwamba ile hushika kwa hewa pekee, polepole. Huku hali ni baridi na mbichi, hivyo hutumika zaidi chokaa ya haidroliki, ambayo huanza kushika kwa maji. Huuzwa kwa daraja za NHL 2, NHL 3.5 na NHL 5, na namba ikipanda chokaa huwa ngumu zaidi. Kwa jiwe lililochoka huchaguliwa iliyo laini. Kanuni ni moja: kiungo kiwe dhaifu kuliko jiwe.

Kipimo cha kawaida ni ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 2½ za mchanga mkali wenye chembe kubwa na ndogo. Pima kwa ndoo, usipime kwa koleo, maana koleo la mchanga uliolowa si sawa na la mchanga mkavu. Kisha:

1. Kwangua kiungo kwa mkono hadi kina kisichopungua mara mbili ya upana wake, na si chini ya milimita 25. Ondoa vumbi.
2. Lowanisha mawe kwa kinyunyizio. Yawe na unyevu ndani, yasimetemete maji juu.
3. Changanya vikavu kwanza, ongeza maji kidogo kidogo, endelea hadi dakika 20. Mchanganyiko unaofaa ukiuminya kwenye glavu unabaki donge na hauachi maji.
4. Jaza kutoka ndani kuja nje, kwa tabaka zisizozidi milimita 20, ukisukuma ili kusibaki uwazi. Kiungo kipana kishindiliwe vijiwe, kisijazwe chokaa tupu.
5. Subiri ianze kukaza, kidole kikiacha alama bila kuzama, ndipo uigonge kwa brashi ngumu ili uso uwe wa chembechembe. Uso ulioparazwa laini kwa mwiko hufunga ngozi na kuzuia unyevu kutoka.
6. Funika kwa magunia mabichi na turubai juu, nyunyiza maji mara mbili au tatu kwa siku, angalau siku 7.

Hatua ya sita ndiyo inayopuuzwa zaidi, kwa sababu wakati huo watu wameshachoka na mabasi yanaondoka. Nyufa nyembamba siku ya pili zina maana chokaa ilikauka haraka, kwa jua au upepo. Ikigeuka unga ukiisugua, jiwe lilikuwa kavu likainyonya maji. Ikidondoka vipande majira ya kuchipua, ilipigwa na jalidi kabla haijakomaa. Chini ya nyuzi 5 za Selsiasi haishiki vizuri, ndiyo maana kazi hupangwa kati ya Aprili na Septemba.

Chokaa mbichi huunguza. Miwani ya kinga na glavu ni lazima. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mfululizo dakika 20, kisha hospitali, hata kama maumivu yamepungua.

Hekalu linajaa maji. Kwa nini hamchimbi mfereji?

Hapa ndipo wageni wengi hutushangaa, na hoja yao inaeleweka. Carrawburgh iko bondeni, na sakafu hugeuka dimbwi mara nyingi. Maji yanaharibu kuta za juu. Lakini maji hayo hayo ndiyo yaliyohifadhi vya chini: wafukuaji wa 1950 walikuta miti ya nguzo, fito zilizosukwa na hata mimea ya porini iliyotandazwa sakafuni, kwa sababu udongo uliojaa maji hauna hewa ya kulisha vijidudu vya kuoza. Ukikausha bonde, unaokoa mawe na kuua mti, ngozi na mbegu zilizobaki kuzunguka hekalu, ambazo bado hazijachunguzwa.

Hofu hii ina mifano. Kwenye ngome ya Magna, mahali paitwapo Carvoran, uchimbaji wa miaka mitano ulianza mwaka 2023 hasa kwa sababu udongo wa pale unakauka kadiri hali ya hewa inavyobadilika, na vilivyozikwa vinaanza kuharibika. Kwenye mtaro wa ngome hiyo mwaka 2025 vilitoka viatu vya ngozi vyenye urefu wa zaidi ya sentimita 30. Ngozi! Baada ya karne 18.

Basi tunachofanya ni kidogo na cha pole: kuondoa majani na matope yaliyoziba njia za maji zilizokuwepo, kupima kina cha maji kwenye mabomba ya uchunguzi pale yalipowekwa, na kuelekeza njia ya miguu ipite mbali na tope. Ng'ombe wakilishwa karibu na kuta majira ya baridi, kwato zao huvuruga udongo hadi kwenye tabaka za kale. Kondoo wana nafuu. Mazungumzo na mkulima yana faida kuliko mfereji wowote.

Tunasafisha vipi madhabahu?

Mara nyingi hatusafishi. Mabaka ya kijivu na manjano ni likeni, viumbe vinavyokua taratibu mno, pengine chini ya milimita 1 kwa mwaka, na kuvikwangua huondoka na uso wa jiwe. Brashi ya waya, mashine ya maji ya nguvu na dawa ya madoa ni marufuku. Kinyesi cha ndege huondolewa kwa maji safi, sifongo na kijiti cha mbao.

Wageni huacha sarafu na mishumaa. Tufanye nini?

Ziondoe kila ukaguzi, kwa heshima, na uandike idadi. Sarafu iliyobanwa kwenye ufa hupata kutu, huvimba na kuupanua ufa. Nyingine huacha doa la kijani au la kutu lisilotoka. Mshumaa ni mbaya zaidi: nta huzama kwenye vitundu na moto hupasua jiwe baridi. Walioweka wengi wao waliguswa na mahali hapo, hivyo ukimkuta mtu anaweka, mweleze kwa upole. Wengi huelewa mara moja.

Nimeona kigae kwenye udongo uliotupwa na fuko. Nichukue?

Usichukue. Piga picha kikiwa pale pale, weka kipimo kando, andika nukta ya ramani, mjulishe msimamizi. Dhahabu au fedha ya zaidi ya miaka 300 inaweza kuwa hazina kisheria, na hutolewa taarifa ndani ya siku 14.

Udongo wa fuko una thamani yake. Kwenye ngome ya Epiacum, karibu na Alston, ambako kuchimba hakuruhusiwi, wajitoleaji walipewa ruhusa ya kuchekecha vichuguu vya fuko, na vigae na ushanga vikapatikana bila jembe kugusa ardhi.

Nitapata nafasi ya kuchimba?

Pengine, lakini si hapa kwenye ukaguzi. Vindolanda hupokea wajitoleaji wa kuchimba kila msimu, na nafasi huisha haraka sana zikitangazwa. Maryport, kati ya 2011 na 2015, wajitoleaji na wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Newcastle walirudia mashimo ambamo madhabahu 17 zilipatikana mwaka 1870. Kwa miaka mingi iliaminika zilizikwa kwa ibada. Uchimbaji ulionyesha vingine: zilitupwa mashimoni kushindilia nguzo za jengo kubwa la mbao. Jibu hilo lilipatikana kwa kupekua shimo lililokwisha kuchimbwa, kwa mwiko, sentimita kwa sentimita.

Jiwe linaweza kunyanyuliwa na watu wangapi?

Piga hesabu kwanza. Jiwe la mchanga lina kilo 2,200 hadi 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Kipande cha sentimita 40 × 25 × 25 kina takriban kilo 57. Mwongozo wa usalama kazini Uingereza unaweka kilo 25 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke, tena mzigo ukiwa usawa wa kiuno. Jiwe hilo si la mtu mmoja, na kwa wawili bado ni zito. Hutumika roli za mbao, ubao na winchi, na fundi ndiye anayetoa amri.

Naweza kusaidia kwa simu yangu?

Sana. Picha za kutengeneza umbo la pande tatu zinahitaji siku ya mawingu, kila picha ikipishana na jirani yake kwa asilimia 70 hivi, na madhabahu moja ichukue picha 100 hadi 150 kwa mizunguko mitatu: chini, katikati, juu. Usibadilishe ukuzaji katikati. Kusoma maandishi yaliyofifia, subiri jua la jioni, au shika tochi ubavuni mwa jiwe. Herufi zisizoonekana mchana hujitokeza kwa vivuli vyake.

Nivae nini?

Buti zenye chuma kidoleni, koti la mvua hata Julai, suruali ndefu iliyoingizwa kwenye soksi. Kupe wako kwenye nyasi ndefu na malisho ya kondoo, na wengine hueneza ugonjwa wa Lyme. Jikague jioni: nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, kwenye nywele. Ukimkuta, mshike karibu kabisa na ngozi kwa kibanio chembamba, mvute moja kwa moja bila kumzungusha, na andika tarehe. Wekundu unaotanuka kuzunguka mahali hapo ndani ya wiki chache ni sababu ya kwenda kwa daktari.